Ukoma, Mbalanga na Soriasisi: Historia ya Majina Yaliyochanganywa

1. Utangulizi

Lugha inapokosa neno la jambo fulani, wasemaji wake hawakai kimya. Hulitwaa neno lililo jirani na jambo hilo wakalitumia. Mara nyingi desturi hii haina madhara. Mtu akiliita lori gari, hakuna anayeumia. Lakini katika taaluma ya tiba, neno la jirani laweza kumpa mgonjwa dawa isiyo yake, au kumtenga na watu ambao hakuwa na haja ya kutengwa nao.

Makala haya yanahusu ugonjwa mmoja wa ngozi ambao katika vitabu vya tiba vya lugha za Ulaya unaitwa kwa jina lenye asili ya Kiyunani, nasi hapa tutauita soriasisi. Tunakusudia kueleza jinsi ugonjwa huu ulivyochanganywa na ukoma kwa zaidi ya miaka elfu mbili, jinsi mchanganyiko huo ulivyoingia katika Kiswahili, na kwa nini inafaa sasa tuutenganishe kwa istilahi zilizo wazi. Mfano wetu wa matumizi tutautoa Masumbwe, mji wa biashara ulioko katika Wilaya ya Mbogwe, ambao tangu mwaka 2012 umo katika Mkoa wa Geita baada ya kuwa katika Mkoa wa Shinyanga.

2. Ugonjwa wenyewe

Kabla ya kujadili jina, hatuna budi kukijua kinachoitwa. Soriasisi ni ugonjwa wa muda mrefu unaotokana na hitilafu katika kinga ya mwili. Katika ngozi yenye afya, seli mpya huchukua takriban mwezi mmoja kupanda kutoka tabaka la chini hadi kupukutika juu. Kwa mgonjwa wa soriasisi safari hiyo humalizika kwa siku chache tu. Seli hurundikana kabla hazijakomaa, na matokeo yake ni mabaka manene yenye mipaka dhahiri, yaliyofunikwa na magamba meupe yanayong'aa kama fedha. Mabaka hayo hupenda kukaa viwikoni, magotini, kichwani na chini ya mgongo. Kucha nazo huweza kuwa na vishimo, na baadhi ya wagonjwa hupata maumivu ya viungo.

Vitabu vingi husema kwamba mabaka haya ni mekundu. Maelezo hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi mabaka huwa ya rangi ya zambarau, ya kijivu au ya hudhurungi iliyokolea, na mganga anayetafuta wekundu aweza kuupita ugonjwa bila kuutambua.

Mambo mawili yafaa kutiliwa mkazo. Kwanza, soriasisi haiambukizi: haipiti kwa kushikana mikono, wala kwa kulala kitanda kimoja, wala kwa kutumia kikombe kimoja. Pili, mabaka yake hayapotezi hisia. Ukoma husababishwa na kijidudu kilichogunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Norway mwaka 1873. Hushambulia neva, na baka lake mara nyingi ni ganzi. Magonjwa haya mawili hayana asili moja, wala njia moja, wala dawa moja. Ushirika wao ni wa kuonekana juu ya ngozi tu, na ushirika huo mdogo ndio uliozaa mkanganyiko wote tutakaoueleza.

3. Safari ya jina

Katika Kiyunani cha kale, neno *lepra* lilitokana na neno lenye maana ya gamba au kubambuka. Waganga wa wakati wa Hippocrates walilitumia kwa magonjwa ya ngozi yenye magamba, na wanahistoria wa tiba wanaona kuwa soriasisi ilikuwa miongoni mwao. Ukoma wa kweli Wayunani wa baadaye waliuita kwa jina jingine, lililotokana na tembo, kwa sababu ya ngozi kuwa nene na yenye mikunjo. Kwa hiyo mwanzoni majina yalikuwa mawili.

Mchanganyiko wa kwanza ulitokana na tafsiri. Kuanzia karne ya 3 kabla ya Kristo, Torati ilipotafsiriwa kutoka Kiebrania kwenda Kiyunani, neno la Kiebrania *tsaraath* lilitiwa katika Kiyunani kuwa *lepra*. Neno hilo la Kiebrania halikuwa jina la ugonjwa mmoja. Lilikuwa jina la hali ya unajisi iliyoweza kumpata mtu, na pia nguo, na hata kuta za nyumba, kama ionekanavyo katika Mambo ya Walawi, sura za 13 na 14. Ni dhahiri kwamba kijidudu cha Hansen hakishiki kuta. Zaidi ya hayo, sheria hiyo ilimhesabu kuwa safi mtu ambaye ngozi yake imegeuka nyeupe mwili mzima, jambo lisilolingana na ukoma tuujuao.

Mchanganyiko wa pili nao ulitokana na tafsiri. Waganga walioandika kwa Kiarabu walikuwa wametenga magonjwa vizuri: *judham* ilikuwa ukoma wa kweli, na *baras* ilikuwa ugonjwa wa mabaka meupe. Lakini katika karne za 11 na 12, vitabu vyao vilipotafsiriwa kwa Kilatini, ugonjwa wa *judham* ulikuja kuitwa *lepra*. Basi neno la magamba likawa limebeba vitu vitatu kwa pamoja: magamba ya Wayunani, unajisi wa Torati, na ukoma wa Waarabu. Katika Ulaya ya zama zile, mtu aliyetangazwa kuwa na *lepra* alitengwa na jamii kwa sheria na kwa ibada. Hatuna njia ya kuhesabu ni wangapi kati yao walikuwa na soriasisi tu, lakini wanahistoria wengi wanakubali kwamba walikuwako.

Kazi ya kutenganisha ilichukua muda mrefu. Mwaka 1808 Robert Willan, mganga wa London, aliyaeleza magamba haya kwa usahihi mkubwa, lakini bado aliliacha neno *lepra* katika jina la aina mojawapo. Ni mwaka 1841 ndipo Ferdinand von Hebra, mjini Vienna, alipoliondoa kabisa neno hilo na kuuacha ugonjwa ukiwa na jina moja la soriasisi. Jina hilo nalo si kamilifu, maana mzizi wake wa Kiyunani, *psora*, ulikuwa na maana ya upele au kuwashwa. Hata hivyo lilifanya kazi iliyotakiwa: lilimtoa mgonjwa katika kundi lisilo lake.

4. Majina katika Kiswahili

Sasa tuitazame lugha yetu. Kiswahili cha pwani kilikuwa na hazina nzuri ya majina ya magonjwa ya ngozi. Choa ni ugonjwa wa miduara. Mba ni wa ngozi kupukutika. Upele una vipele na mwasho mkali. Ukurutu ni wa ngozi kuwa na mkwaruzo. Harara ni vipele vya joto. Kwa magonjwa mazito zaidi, lugha ilikuwa na jedhamu, barasi, mbalanga, matana na ukoma. Maneno mawili ya kwanza yalitoka katika Kiarabu, na pamoja nayo ulikuja utenganisho uliofanywa na waganga wa Kiarabu. Neno barasi lina nasaba moja na neno lililomo katika Kurani, katika habari za miujiza ya Nabii Isa.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Utenganisho ambao Ulaya iliupoteza katika karne ya 11, na kuurudia kwa taabu katika karne ya 19, mwambao wetu ulikuwa nao tayari. Aliyesema barasi au mbalanga alimaanisha mabaka meupe. Aliyesema jedhamu alimaanisha ugonjwa unaokata vidole. Ni kweli kwamba matumizi ya kila siku hayakuwa makini hivyo daima, na kamusi zenyewe zinaonyesha kwamba mbalanga iliweza kuelezwa kuwa aina ya ukoma. Hata hivyo, zana za kutenganisha zilikuwapo.

Zilififia Kiswahili kilipoenea kwa maandishi na kusanifishwa. Neno ukoma lilipata nguvu kutoka pande mbili. Upande mmoja ni wa dini: Biblia ya Muungano, iliyotolewa mwaka 1952, ilitumia ukoma mahali pa *tsaraath*, hata panapotajwa nguo na nyumba. Watafsiri hawakufanya kosa la kizembe. Walifuata njia iliyokwisha kulimwa na Wayunani, Walatini na Waingereza. Upande wa pili ni wa serikali na hospitali, ambazo zilihitaji neno moja la kampeni. Kuanzia mwaka 1977 Tanzania ilikuwa na mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma kwa pamoja, na kazi yake kubwa na ya kusifiwa ililifikisha neno hili kila kijiji.

Matokeo yake ni kwamba neno moja lilibaki na maana mbili. Katika hospitali, ukoma ni ugonjwa wa Hansen, ambao tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza utibiwe kwa mseto wa dawa, nao hupona. Katika masikio ya waumini na ya wazee, ukoma ni pigo linaloonekana juu ya ngozi ya mtu. Mgonjwa wa soriasisi huangukia katikati ya maana hizi mbili.

5. Masumbwe

Masumbwe ni mahali pafaapo kuuona mkanganyiko huu, kwa kuwa ni mahali ambapo Kiswahili kina kazi kubwa. Wenyeji wa eneo hilo ni Wasumbwa, watu waliojulikana katika karne ya 19 kwa biashara ya masafa marefu. Walifika hadi Katanga kutafuta shaba, na Msiri, mtu wa asili ya huko aliyeanzisha dola ya Garenganze na makao yake Bunkeya, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao. Si mbali na hapo, Ushirombo, wamisionari wa White Fathers walifungua kituo chao mwaka 1891. Mjini Shinyanga, upande wa mashariki, hospitali ya Kolandoto ilianzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913, na kwa miaka mingi kazi ya kuwatunza wenye ukoma ilikuwa sehemu ya huduma zake.

Baadaye ilikuja dhahabu. Mgodi wa Geita wa wakati wa ukoloni ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960, na migodi mikubwa ya kisasa ya Geita na Bulyanhulu ilianza uzalishaji mwaka 2000 na 2001. Pamoja nayo wako wachimbaji wadogo wengi, waliotoka kila upande wa nchi. Msumbwa, Msukuma, Mnyamwezi na Muha wakikutana katika zahanati moja, lugha yao ni Kiswahili. Kwa hiyo upungufu wa istilahi za Kiswahili hapo si suala la wanazuoni. Ni suala la kile kinachosemwa kati ya mgonjwa na mganga.

Tuchukulie mchimbaji mdogo aliyepata mabaka yenye magamba magotini na viwikoni. Kuna sababu ya kitaalamu kwa nini kazi yake iyakuze: mwaka 1872 Heinrich Köbner alieleza kwamba soriasisi huweza kuchipuka mahali ngozi ilipochubuka, na mtu anayetambaa ndani ya shimo akipiga mwamba huchubuka kila siku. Wenzake wanaweza kusema ni madhara ya zebaki au ya vumbi la mawe. Jirani anaweza kusema ni mba, akamshauri kununua dawa ya fangasi. Mzee anaweza kunong'ona kwamba ni ukoma, na kuanzia siku hiyo sahani yake ikawekwa kando. Mwingine atasema amerogwa. Kila mmoja ametumia neno alilokuwa nalo, na hakuna hata neno moja lililomfikisha mgonjwa kwenye tiba.

Athari hizi huonekana pia katika takwimu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 kuhusu soriasisi inaonyesha kwamba viwango vilivyoripotiwa katika nchi mbalimbali vilikuwa kati ya asilimia 0.09 na asilimia 11.4 ya watu, na kiwango cha chini kabisa kilitoka Tanzania, katika uchunguzi wa vijijini uliotolewa mwaka 1996. Hiyo ni chini ya mtu mmoja katika kila watu elfu moja. Huenda ugonjwa huu kweli ni haba kwetu kuliko Ulaya ya Kaskazini. Lakini uchunguzi wa vijiji vichache hauwezi kuwa hesabu ya taifa, na kitabu cha mahudhurio cha zahanati hakiwezi kuongeza chochote ikiwa anayekijaza hana neno la kuandika isipokuwa "ugonjwa wa ngozi".

6. Kuhusu "pumu ya ngozi"

Katika miaka ya karibuni pengo hili limeanza kujazwa na msemo "pumu ya ngozi". Msemo huu hutumika hasa kwa ukurutu wa kurithi, lakini wengi huutumia pia kwa soriasisi. Kwa ukurutu wa kurithi una sababu, maana ugonjwa huo na pumu ya kifua ni jamaa. Huonekana katika familia moja, na mara nyingi kwa mtoto mmoja. Kwa soriasisi hauna sababu. Soriasisi si jamaa ya pumu, na mtu akiambiwa ana pumu ya ngozi ataogopa kifua chake pasipo haja, huku akiacha kuangalia viungo vyake, ambavyo ndivyo vilivyo hatarini. Ikiwa tutauacha msemo huu utawale, tutakuwa tumerudia kosa la *lepra*: magonjwa mawili, jina moja.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia tuliyoieleza, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Soriasisi liwe jina rasmi la ugonjwa huu. Herufi "p" ya mwanzo iachwe, kama ilivyoachwa katika neno saikolojia, kwa kuwa mfuatano huo wa sauti si wa Kiswahili.

(b) Ukoma libaki kwa ugonjwa wa Hansen peke yake.

(c) Mbalanga litengwe kwa ajili ya ugonjwa wa mabaka meupe yasiyo na magamba, na barasi liwe kisawe chake.

(d) Ukurutu litumike kwa jamii ya magonjwa ya ngozi yenye mwasho na mchubuko, na "pumu ya ngozi", ikibidi kutumika, iishie kwa ukurutu wa kurithi.

(e) Tuseme mtu mwenye soriasisi. Lugha yetu ina wepesi wa kumgeuza mtu kuwa ugonjwa wake kwa kiambishi kimoja tu, kama tulivyosema mkoma na wakoma. Wepesi huo tusiuendeleze.

Tunajua kwamba utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tukope kwingineko. Kwa hiyo msomaji aweza kuuliza: kwa nini tusiseme "ugonjwa wa magamba"? Hoja hiyo ina uzito, na neno magamba halina budi kubaki katika maelezo tunayompa mgonjwa. Lakini kama jina lina hatari mbili. Linaweza kuchukuliwa na kila ugonjwa unaopukutisha ngozi, kama *lepra* ilivyochukuliwa. Na linamlinganisha mtu na samaki au nyoka, jambo ambalo mgonjwa hatalishukuru. Neno geni, lisilo na maana nyingine katika lugha yetu, halibebi lawama ya zamani.

Wengine watasema kwamba wananchi hawatalishika neno geni. Historia yapinga. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, ugonjwa mpya uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo. Jina hilo liliwahusisha wagonjwa na magendo na anasa. Likaja ukimwi, neno lililoundwa kwa kufupisha maelezo ya kitaalamu, na leo hakuna mtoto asiyelijua. Malaria nayo ni neno geni, tena lenye kosa ndani yake, kwa kuwa asili yake ni hewa mbaya. Lakini kwa kuwa sisi hatuisikii hewa hiyo ndani ya neno, halikutuzuia kuelewa kazi ya mbu.

8. Istilahi na utunzaji

Jina peke yake halitibu. Likishapatikana, lazima lifuatane na maneno ya kumwelekeza mgonjwa jinsi ya kuishi na ugonjwa usio na dawa ya kuuondoa kabisa, bali wenye njia nyingi za kuutuliza. Maneno hayo, kwa bahati nzuri, mengi tunayo. Mgonjwa aambiwe apake mafuta mazito ya kulainisha ngozi kila siku, hasa baada ya kuoga. Asikwangue magamba kwa jiwe wala kwa kisu, kwani kuchubua huzaa mabaka mapya. Tabibu aweza kumpa marhamu ya asidi ya salisiliki ya kulegeza magamba, au ya lami ya makaa ya mawe, dawa ya zamani ambayo bado inafaa, au ya steroidi kwa muda uliopimwa. Mwanga wa jua kwa kiasi huwasaidia wengi. Kwa ugonjwa ulioenea mwilini kuna vidonge kama vile methotreksati, vinavyohitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Vilevile yako ya kuonywa. Marhamu kali za steroidi zinazouzwa madukani kwa kujichubua huikondesha ngozi. Vidonge vya steroidi vikiachwa ghafla vyaweza kuufanya ugonjwa uwake mwili mzima. Pombe huuchochea, na hata dawa za magonjwa mengine: klorokwini, ambayo ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini hadi mwaka 2001, ni mojawapo ya dawa zinazojulikana kuuamsha.

Mafunzo yapo. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, tangu miaka ya 1990 kimewafundisha matabibu wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika, na Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa. Matabibu hawa husoma kwa Kiingereza, lakini hutibu kwa Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili ndipo istilahi zinapohitajika, na ndipo zinapopungua.

9. Hitimisho

Mwezi Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililozitaka nchi zipambane na unyanyapaa unaowapata wenye soriasisi. Azimio kama hilo haliwezi kutekelezwa katika lugha isiyo na jina la ugonjwa wenyewe. Tumeona kwamba makosa makubwa katika historia ya jina hili yalifanywa na watafsiri, watu wa kazi kama yetu, na kwamba yalichukua karne nyingi kusahihishwa. Inafaa basi vyombo vya lugha na Wizara ya Afya vikae pamoja, viyapime majina tuliyoyataja, na yale yatakayokubaliwa yachapishwe katika vitabu vya mafunzo ya matabibu na katika mabango ya zahanati. Mabango hayo yaseme kwa maneno machache: baka lenye ganzi lichunguzwe ukoma, nao hupona, baka lenye magamba na lenye hisia huenda ni soriasisi, nayo haiambukizi.